Pua ya Faustin

Wakati nilikuwa mutoto pale Bambu, pua ya yaya yangu Faustin, kaka yangu, ndiyo ilikuwa inaonyesha watu zahabu iko wapi. Wajukuu wangu hapa Bunia wakisikia hivi wanacheka, wanafikiri koko yao ameanza kupoteza kichwa. Nawaacha wacheke. Hayo meno wanayochekea, ni mimi niliyalisha. Lakini watu wazima nitawaambia namna ilikuwa, na sitaweka sukari. Masomo yangu ilikwisha mwaka wa tatu, juu ya hiyo msinitafutie maneno ya kupendeza. Natafuta tu ile iliyo ya kweli.

Faustin alikuwa mukubwa, mimi mudogo, na katikati yetu kulikuwa makaburi mawili ya watoto ambao mama alizika kabla hawajajua kutembea. Yaya alikuwa anaanza kubadilisha sauti, ile sauti ya jogoo mudogo inayovunjika, wakati tundu moja ya pua yake ilifunga. Kwanza tulisema ni mafua. Mafua ikapita kwetu wote, kwake ikabaki. Akawa analala mudomo wazi kama samaki ya ziwani Kasenyi juu ya meza ya soko. Watoto wa jirani wakamupata wimbo: "Faustin, funga mulango, nzi wanaingia!" Naye alikuwa anajibu kwa ile sauti ya mutu anayeongea ndani ya mutungi, na wao wanazidi kucheka.

Kisha damu ikaanza. Haikuomba ruhusa. Mutoto amekaa anakula, hakuna aliyemugusa, na damu inashuka juu ya muhogo wake kama mutu amefungua bomba.

Koko yangu, mama ya baba, ndiye alikuwa anatibu nyumba yetu. Alisema ni ruba. Watoto wanakunywa maji ya kijito kwa mudomo kama mbuzi, ruba inaingia, inapanda mu pua, inakaa pale inakunywa damu. Dawa yake ni kuidanganya. Akajaza karai maji ya kijito, akamukalisha Faustin uso chini karibu na maji, ili ruba isikie harufu ya nyumbani na itoke. Koko akachuchumaa pembeni, vidole amevipaka majivu ili ruba isimuteleze. Asubuhi yote walikaa hivi. Watoto wa jirani walisimama wakitazama kama ni sinema.

"Imetoka?" mumoja anauliza.

"Ikitoka nitaiingiza mu pua yako," koko anajibu.

Haikutoka. Koko akamuinua kichwa juani, akachungulia, na mimi nikachungulia. Ndani kabisa kulikuwa kitu laini, kinang'aa, rangi kama ya figo ya mbuzi. Koko akachukua sindano yake ya kushonea vikapu, akakigusa kidogo. Mungu wangu! Damu ilirukia kifua chake. Ilichukua muda mpaka ikasimama, na Faustin akalala chini na midomo myeupe.

Koko akapangusa sindano kwa kikwembe chake. "Hii haiko ruba," akasema. "Ruba ukiigusa inakimbia. Hii inakaa kama mwenye nyumba."

Tungeishia pale, pengine. Lakini baba alikuwa muchimbaji.

Wakati ule watu walikuwa wametoka kila upande kuchimba pale kwetu: wakristo, waislamu, watu wa Kisangani, watu wa Aru, hata watu wasiojua kusema wametoka wapi. Baba alikuwa na shimo pamoja na wenzake, na shimo ile ilikuwa imekufa. Walichimba, wakaosha, wakapata mawe. Mumoja wao alikuwa muzee Abdala, muislamu wa upande wa Kisangani, mutu wa mizaha, ambaye alikuwa anasali pembeni ya shimo na wenzake wanamutupia maneno: "Abdala, mwambie Mungu wako atuonyeshe, wa kwetu amelala!"

Siku moja tulipeleka chakula. Faustin alibeba sufuria, mimi maji. Akainama kuweka sufuria kwa ukingo wa shimo, na pua ikafunguka. Damu ikashuka ndani.

"Ondoa hiyo pua mu kazi yangu!" baba akapiga kelele.

Pale kwetu wachimbaji wana sheria. Zahabu iko na wenyewe, wale wa chini, wenye udongo. Hawauzi, wanabadilishana. Damu ya mutu ikianguka mu shimo bila kupatana nao, ile udongo lazima iondolewe, ioshwe na kutupwa mbali, ama wale wa chini watajua kuna mutu wa kuchukua. Basi wakachota ile udongo yenye damu, muzee Abdala akaiosha mu karai ili aitupe. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi, ikatikisa karai vile inatikisaka siku zote. Maji yakamwagika. Chini ya karai zahabu ikabaki, njano, nzito, si vumbi.

Wenzake wote waliinama juu ya karai. Baba peke yake hakuangalia karai. Aliangalia pua.

Kuanzia siku ile Faustin aliacha masomo, akapata kazi. Kila asubuhi baba alimuamsha na kumuuliza, "Leo utatoka damu?" kama mutu anauliza ng'ombe habari ya maziwa. Walimupeleka mahali walipotaka kujaribu. Wanasimama na beleshi, yeye anasimama katikati. Pale tone la kwanza linaanguka, wanapiga kelele za furaha, wanachimba. Damu isipotoka, wanamupa dawa ya kuitoa: wanamunusisha unga wa pilipili, wanamuacha juani bila kofia, wanamuambia ainame ashike vidole vya miguu mupaka uso unavimba. Niliona wanaume watu wazima wamezunguka mutoto, wamepumzisha mikono juu ya mipini, wanangojea avuje.

Mara ingine zahabu ilipatikana. Mara mingi haikupatikana. Ikikosa, walisema Faustin amekula kitu kibaya, ama amewaza mambo ya wasichana, na wakasahau. Ikipatikana, walihubiri mupaka Mongbwalu. Hivi ndivyo imani inakua. Hailishwi na kitu kingine.

Nyumba yetu ikapata mabati. Koko akapata blanketi nzito. Mimi nikapata viatu, vya kwanza mu maisha yangu, vya plastiki, vyekundu, na nilivipenda sana.

Faustin yeye alipata rangi ya karatasi. Ukimuvuta kope ya chini, ndani kulikuwa kweupe. Akaanza kula udongo wa ukuta kwa siri. Akitembea mupaka choo anapumzika njiani. Mama akasema pale chakulani kwamba labda wamupeleke Bunia, dokta amuangalie.

Koko akaacha kutafuna. "Weye binti ya watu," akamuambia mama, "sikia mimi. Siku mutafunga hiyo pua, udongo nao utafunga. Na hautafunguka tena kwa jina la mutoto wangu."

"Na mutoto wangu mimi?" mama akauliza.

"Wako anavuja tu. Kuvuja hakuuwi. Wanawake tunavuja kila mwezi, nani amekufa?"

Baba alitazama sahani yake. Alikuwa na ile tabia, ya kutazama sahani.

Msifikiri mama yangu alikuwa mutu wa machozi. Faustin akilia, alimuambia, "Nyamaza, utaitoa bure, na leo haiko siku ya kazi." Alivaa kikwembe kipya kama wengine. Lakini shavu la yaya likaanza kuvimba, lile la upande wa tundu iliyofunga, na jicho likaanza kusukumwa nje, hata akikutazama ulikuwa hujui anatazama nani. Halafu mchana mumoja alianguka juu ya mafiga, damu ikamwagika ndani ya sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Mama akamuvuta kando. Akasimama akatazama sombe, akatazama mutoto.

"Wawili nimeshazika," akasema, wala sijui alikuwa anaambia nani. "Nimechoka kuzika."

Sombe ile aliimwaga, akapika ingine, na baba akala bila kujua.

Kesho yake akamuambia koko anashuka Kasenyi kuleta samaki ya kuuza, na Faustin atamubebea kikapu, na mimi nitamuangalia Faustin. Hata kikapu tulibeba, kitupu, ili uongo uwe na kitu cha kushika. Tukapanda kamio, lori ya mizigo. Ilipofika Bunia, watu wa Kasenyi wakaendelea, siye tukashuka.

Dokta pale hospitali alikuwa mutu mufupi, mweusi kama siye, wa upande wa Kisangani, mwenye kuongea haraka. Alikuwa amejifunga kioo cha mviringo kwa paji la uso kama jicho la tatu. Akamukalisha Faustin, akamukandamiza ulimi kwa kijiko, akapasha joto kioo kingine kidogo cha mpini murefu, akakiingiza nyuma ya koo bila kugusa. Akatazama muda. Kisha akaegemea nyuma.

"Nani amegusa hii kitu?"

"Hakuna," mama akasema.

"Koko, na sindano ya vikapu," mimi nikasema. Mama akanifinya.

Dokta akafunga macho kidogo. "Mama, huyo koko ana bahati. Na huyu mutoto ana bahati kumushinda."

Akatuelezea, na nilielewa, juu alikuwa anaelezea kama mutu anayeeleza njia ya kwenda soko. Nyuma kabisa ya pua, pale pua inakutana na koo, kumeota uvimbe. Si ruba, si laana, si saratani. Ni nyama iliyosukwa na mishipa ya damu tupu, ndiyo maana inavuja hivi. Ni ugonjwa unaoonekana mara chache sana, na karibu siku zote unachagua vijana wanaume wa umri ule, wanapobadilisha sauti. Kwa uvimbe mwingine, dokta anakata kipande kidogo, anakituma kichunguzwe. Huu hapana. "Nikikata kipande ili nione vizuri," akasema, "atakufa hapa juu ya kiti, na mimi nitakuwa nimeona vizuri."

"Ni mubaya?" mama akauliza.

"Wenyewe hauna ubaya. Hausambai mu mwili. Lakini unakua pale ulipo, unasukuma mifupa, unasukuma jicho, na siku moja atavuja bila kusimama. Lazima utoke wote."

Hausambai, alisema. Mimi nilifikiria mabati, na blanketi ya koko, na viatu vyekundu mu miguu yangu.

Wakamupiga radio, ile picha ya mifupa ya kichwa, na dokta akaiinua dirishani akaonyesha mama kivuli mahali ambapo pangepaswa kuwa na hewa. Halafu akasema jambo gumu. Operesheni hii inakunywa damu. Hakuna mutu atamugusa kwa kisu bila damu ya watu kuwekwa tayari. Mama atatoa yake, lakini mama peke yake hatoshi. "Iteni baba yake, wajomba wake, rafiki. Na wasikawie."

Mama akatuma neno na shofere wa kamio. Alijua analofanya. Alijua watakuja na hasira, lakini alitaka damu yao, na damu haiwezi kutumwa mu bahasha.

Walikuja. Baba, koko na blanketi yake mabegani, wachimbaji wenzake, na muzee Abdala nyuma amevaa kofia yake. Walitukuta mu uwanja wa hospitali, pale wanawake wanapikia wagonjwa.

"Samaki iko wapi?" koko akamuuliza mama.

Mama akaonyesha Faustin kwa kidevu. "Huyu hapa. Ananuka, lakini bado muzima."

Dokta akatoka, akawaeleza kama alivyotueleza. Akawaonyesha hata ile picha. Wachimbaji waliipokezana, wakaigeuza, wakatafuta zahabu ndani yake. Nawaambia nilivyoona. Mumoja wao aliweka kidole pale kwenye kivuli na kuuliza, "Ndiyo hii?" kwa sauti ya heshima, kama yuko kanisani.

"Mukiitoa, shimo itakufa," koko akamuambia dokta.

"Musipoitoa, mutoto atakufa, mama."

"Watoto wanazaliwa. Shimo haizaliwi."

Faustin alikuwa amekaa pale chini, anasikia yote. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa.

Dokta akamugeukia baba. "Papa, ni weye nauliza. Weye unasema nini?"

Baba hakuwa na sahani ya kutazama, akatazama mikono. Nilimungojea. Nilikuwa na miaka minane, na nilimungojea baba yangu aseme kitu chochote kinachofanana na baba. Kisha akainua kichwa, akauliza kwa adabu kabisa:

"Dokta, tukimurudisha hivi, anaweza kufika musimu wa kavu?"

Musimu wa kavu ndio wa kuchimba. Mashimo hayana maji. Baba alikuwa anauliza kama mutoto atadumu mupaka kazi iishe.

Nafikiri kwanza dokta hakuelewa, juu hakuwa mutu wa mashimo. Alipoelewa, alivua kile kioo cha kwenye paji, akakipangusa, akakivaa tena. "Nahitaji watu wa kutoa damu," akasema. "Wengine waende nyumbani."

Wachimbaji wakaangaliana. Mumoja akasema damu yake ina kazi. Mwingine akasema kumupa huyu mutoto damu ili aponywe ni kama kulipa mwizi aje akuibie. Baba akavuta mikono yake ndani ya mikono ya shati.

Muzee Abdala akapita katikati yao akikunja shati.

"Abdala! Unaenda wapi?"

"Kutoa damu."

"Ya muislamu? Huyu mutoto ni wa misa! Akiamka atakataa nguruwe!"

"Nguruwe mulimupa lini?" akauliza muzee Abdala. "Mulimupa pilipili tu." Akaingia na mama.

Anfirmie wawili, wauguzi wa pale hospitali, nao walitoa damu, watu ambao hawakutujua hata jina. Ikatosha.

Operesheni ilianza asubuhi ikapita adhuhuri. Walimupasua dari la mudomo, wakapitia pale mupaka nyuma ya pua. Koko na baba hawakuondoka. Wachimbaji walirudi Bambu, wao wawili wakabaki, wamekaa juu ya ukuta mufupi. Nilifikiri, aa, wameingiwa na huruma. Nilikuwa mutoto bado.

Dokta alitoka amelowa jasho. Mutoto anapumua, akasema. Imetoka yote, na muzizi wake. Baada ya siku za pamba mu pua atafundishwa kupumua upya. Aliwaambia pia wamurudishe baadaye aangaliwe, juu kitu kile kinaweza kuota tena. Kipande atakituma mbali kichunguzwe. Inayobaki ni ya familia, juu pale kwetu kitu kilichotoka mu mwili wa mutu kinarudishwa kwa watu wake wakizike. Mama alikuwa kitandani karibu na Faustin, amelegea kwa sababu ya damu aliyotoa. Basi aliyenyoosha mikono alikuwa koko.

Niliiona. Ilikuwa kubwa kama limau, imekunjamana, zambarau, na mukia unaolingana na mahali ilipokuwa imejifinya kuelekea shavuni. Koko aliivingirisha mu jani la ndizi, akaiweka mu kile kikapu chetu cha uongo. Akasimama. Baba akasimama.

"Baba," nikamuambia, "Faustin yuko ndani, upande huu."

"Najua," akasema. "Tutamuona nyumbani."

Wakatafuta kamio ya Bambu mchana ule ule. Yaya yangu alikuwa hajafungua macho.

Waliizika chini ya shimo, na kuku mweupe juu yake, na koko akaongea na wale wa chini kuwaeleza kwamba pua haijawakimbia, imehamia tu kwao moja kwa moja. Muzee Abdala ndiye alitusimulia. Alisema alicheka mupaka akafukuzwa.

Tuliporudi, baada ya majuma, Faustin alikuwa mutu mwingine. Jicho limerudi mahali pake. Sauti imetoka mu mutungi, imekuwa nzito, sauti ya mwanaume. Alikuwa anapita nje asubuhi, anafunga mudomo, anavuta hewa kwa matundu mawili, kwa nguvu, mara na mara, kama tajiri anayesikiliza funguo zake.

Na shimo ikafunga. Nasema kweli. Koko alisema itafunga, na ilifunga. Walichimba mupaka wakafika kwenye mwamba, wakachimba pembeni, wakafika kwenye maji. Hata vumbi hawakuona. Koko alitembea mu uwanja akisema, "Nilisema ama sikusema?" Alisema hivi kwa jirani, kwa mbuzi, kwa mama, kwa Faustin akiwa anakula. Chakula cha Faustin kikapunguzwa. "Kula hewa," koko alimuambia, "si umeitaka?"

Halafu siku moja baba akamuita aje na beleshi, amusaidie kazi. Faustin akafurahi kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza anaitwa kwa ajili ya mikono yake. Mimi nilifuata na maji. Pale shimoni wachimbaji walikuwa wamesimama kwa mviringo, nikajua huo mviringo. Baba akamuambia ashuke asimame katikati. Akashuka. Baba akashuka nyuma yake, na bila neno akamupiga ngumi ya pua.

Damu ilitoka. Wote waliinama. Baba alikuwa amemushika shingo kutoka nyuma, anamuelekeza uso chini, kama mutu anayenyunyizia bustani. Ilitoka, ikatiririka, ikapunguka. Ikawa matone. Tone. Kisha hakuna. Ilikuwa damu ya mutu aliyepigwa ngumi, ya kawaida, na ilikauka kama ya mutu mwingine yeyote. Nyuma yake hapakuwa tena na kitu cha kuilisha.

"Ni hiyo tu?" mumoja akauliza.

"Ni hiyo tu," Faustin akajibu. Akafuta uso na kiganja. Akavuta hewa kwa pua, na ilikuwa inapita, tulisikia wote. Akamutazama baba. "Unataka ingine? Piga."

Baba akaachia shingo.

Faustin akapanda, akanipa beleshi, akashika njia. Hakupita nyumbani. Muzee Abdala alimukuta barabarani, akamupeleka mupaka Kasenyi, na kutoka pale Faustin akavuka ziwa na mashua ya wauza samaki. Alikaa Uganda miaka mingi. Leo yuko Aru, anapitisha mizigo ya watu kwenye duane, pale wanalipisha ushuru, ana tumbo, ana watoto, na ile kitu haikurudi. Anakuja kwangu Bunia mara moja moja, na akilala analala mudomo umefungwa.

Wajukuu wangu waliosoma wananieleza kwamba zahabu ile ilikuwa bahati tu. Kwamba mukanda wa zahabu ulikuwa pale pale na ungekwisha tu, pua ama bila pua. Nawaambia najua, si mujinga. Lakini nawaambia pia wanajibu swali ambalo halikuulizwa. Wanafikiri ubaya wa koko yangu ulikuwa kuamini uongo. Haya, tuseme ilikuwa kweli. Tuseme wale wa chini wapo, na kila tone la mutoto lilikuwa gramu. Basi ingefaa avuje mupaka musimu wa kavu? Koko yangu alisema udongo utafunga, ukafunga. Maneno yake yalitimia yote, na bado alikuwa mutu mubaya siku ile. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na hapo ndipo nilipofika.

Vita ilipochoma Djugu yote, na Bambu yetu ndani yake, baba alifika kwangu hapa Bunia na matandiko kichwani, muzee, mama na koko wameshatangulia chini ya udongo. Nilimupokea. Nilimupa chumba, nikamupikia, miaka yake yote iliyobaki. Hakutaja Faustin. Faustin akija, alifika jioni baba akiwa ameshalala, akaondoka asubuhi, na hawakuonana hata siku moja.

Karibu na mwisho, nilikuwa namulisha uji. Akashika mukono wangu wenye kijiko.

"Faustin ana watoto?"

"Wako," nikamuambia. "Wanaume watatu."

Akafikiri. Uji ulikuwa unashuka kwa kidevu chake.

"Wanatokaka damu mu pua?"

"Hapana, baba. Hawatokake."

"Bon," akasema, akafungua mudomo tena.

Ile "bon" yake, ile "vizuri" ya Kifaransa, naigeuza kichwani mupaka leo. Pengine ilikuwa ya babu aliyeogopa kwa ajili ya wajukuu. Pengine ilikuwa ya muchimbaji aliyeambiwa kwamba hakuna kitu pale. Ningeweza kumuuliza, alikuwa na akili zake bado, na aliishi siku zingine. Sikumuuliza. Kuna jibu ambalo mutu akishalipata hawezi tena kumupikia baba yake, na ule uji ulikuwa bado haujaisha.